WANAHESABU WALIOPASULIWA, NANI ANAHESABU WALIOPONA?

Ndugu msomaji, wewe wa Manzese, wewe wa Tandika, safari hii ukienda kijijini mtazame mama yako machoni. Kama machozi hayamkauki, anakwepa jua, na kwenye pindo la khanga amefunga kibano cha kung'olea nywele za kope, usiseme ni uzee. Hivyo ni vikope.

Huu ni ugonjwa wa walalahoi. Huenezwa na inzi, vidole na kitambaa kimoja kinachofuta nyuso za watoto wote, pale ambapo maji hubebwa kichwani. Mtoto akiambukizwa tena na tena, kigubiko cha jicho huota makovu kwa ndani na kujikunja. Ukubwani nywele za kope hugeukia jicho na kulikwangua kila anapopepesa, hadi giza. Wanawake huumia zaidi, maana ndio walezi wa watoto. Kule Kongwa, Dodoma, watafiti wameyaandika haya tangu miaka ya 1980.

Akifikia hapo, dawa ni upasuaji mfupi wa ganzi, ambao hata muuguzi aliyefunzwa anaufanya. Na hapo ndipo wakubwa wanapopiga picha na kutangaza idadi ya waliopasuliwa.

Lakini kope hurudi! Utafiti wa Ethiopia uliotolewa mwaka 2016 ulifuatilia wagonjwa 1,000 waliopasuliwa kwa njia mbili. Baada ya mwaka mmoja, waliokatwa kigubiko hadi nje, kope zilirudi kwa watu 22 katika kila 100. Waliokatwa kwa ndani tu, 13. Ugonjwa ule ule, kisu tofauti.

Kulikoni basi hesabu iishie mlangoni pa chumba cha upasuaji? Sisi tunasema: ijulikane kope zimerudi kwa wagonjwa wangapi wa kila mpasuaji. Mwanafunzi aanzie kwenye kichwa cha bandia kabla ya kugusa jicho la mtu. Mgonjwa aonwe tena baada ya miezi 3 hadi 6, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza.

Nawe kijana, usiishie kutuma pesa. Mpeleke mama, uliza atapasuliwa kwa njia gani, kisha mrudishe akaangaliwe. Akikuambia yameanza tena, usimwambie avumilie. Anayevumilia kope jichoni anangoja upofu.