Mnataka Vita Kijijini ya Nini?

Jamani, kuna wachezaji wa Medieval Dynasty kila siku povu linawatoka! Wanataka majambazi wavamie kijiji, wachome nyumba, watu wauane. Kwani gemu za kuuana zimeisha?

Hili gemu, kazi ya Render Cube ya Poland, adui wake ni baridi na njaa. Unaanza huna hata shoka, unaokota vijiti na mawe. Ukikaribisha watu, wanataka nyumba, chakula na kuni. Ukizembea wananuna, mwisho wanabeba vyao wanasepa. Na ukiliacha lilivyo, msimu mmoja ni siku 3 tu, yaani mwaka mzima siku 12! Muda wa kupigana na majambazi unautoa wapi?

Ila na wale wa "chezeni lilivyo, acheni kulialia" nao wamechemka. Lilipotoka rasmi 2021 lilikuwa la mtu mmoja. Watu wakaomba, wakaomba tena, Disemba 2023 ikaja ramani ya Oxbow, mnacheza hadi washkaji wanne. Wangenyamaza ingekuja?

Sasa kelele hizo wangezipeleka kwa wanakijiji. Mtu umemjengea nyumba, umempa kazi, kapata mwenza humo humo na mtoto kazaliwa. Ukipita kumsalimia, maneno ni yale yale kama kanda iliyokwama. Miaka yote hiyo mnakula chungu kimoja, anakuongelesha kama mpita njia!

Haya mdau, kianze kipi: majambazi au jirani anayekujua?