Anayefundisha fiziotherapia wodini atambuliwe
Mkazi wa Kinyerezi, Dar es Salaam, aliyepatwa na kiharusi, au aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda, anaweza kuokolewa maisha katika hospitali ya Amana au Muhimbili na bado akarudi nyumbani hawezi kutembea. Hapo ndipo anapohitajika mtaalamu wa fiziotherapia.

Ustadi wa mtaalamu huyo haupatikani darasani peke yake. Mwanafunzi wa chuo cha KCMC, Moshi, au wa chuo kingine anahitaji mtu wa kumsimamia wodini: amwoneshe namna ya kumwinua mgonjwa bila kulivuta bega lililolegea, amwache ajaribu, amsahihishe papo hapo. Mara nyingi msimamizi huyo ni mtumishi yule yule mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni. Kufundisha kunabaki hisani yake. Hilo si haki, kwake wala kwa mgonjwa.

Wizara ya Afya na vyuo viifanye kazi hii kuwa wadhifa rasmi, wenye saa zilizotengwa na ngazi ya mshahara, ili mtaalamu apande cheo bila kulazimika kuikimbia wodi. Wanafunzi nao wapelekwe pembezoni, Kinyerezi ikiwemo, wajifunze kumhudumia mgonjwa nyumbani kwake.