Tusimsingizie Mungu



Katika msimu wa kupulizia dawa, mashambani mwetu Kiwangwa kwenye mananasi, si ajabu kumkuta kibarua aliyebeba bomba mgongoni, mikono mitupu, miguu peku, kitambaa tu puani. Akishikwa na kizunguzungu twamnywesha maziwa badala ya kumkimbiza zahanati. Akifa, twasema ni mapenzi ya Mungu.

Maneno hayo yatupasa kuyapima. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Je, hayo nayo tumbebeshe Mungu? Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, lamwagiza mjenzi wa nyumba mpya aweke ukingo darini, asije akawa na hatia ya damu ya atakayeanguka.

Nchi yetu nayo inayo amri kama hiyo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ilichukua nafasi ya ile ya viwanda ya mwaka 1950, ikayagusa na mashamba. Mwajiri anapaswa kuandikisha mahali pake pa kazi, kuwapima wafanyakazi afya, na kuwapa vifaa vya kujikinga bila kuwatoza. Mkaguzi wa OSHA, wakala ulioundwa mwaka 2001, aweza kuingia, kuhoji, kuamuru kasoro zirekebishwe, na penye hatari kubwa kusimamisha kazi. Asiyetii hushtakiwa. Tena Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko unaochangiwa na mwajiri, wala si mfanyakazi.

Mbona basi kibarua wetu yu vilevile? Kwa sababu mkaguzi hufika anapopajua. Shamba lisiloandikishwa halimo katika orodha yake, na ajali isiyotolewa taarifa ni kana kwamba haikutokea. Kibarua ananyamaza asije akakosa kazi kesho. Nasi twanyamaza kwa kuwa mwenye shamba ni jirani, pengine ndiye mfadhili wa kigango. Wengine wetu ndio wenye mashamba hayo.

Kwa hiyo kila kamati ya Haki na Amani iwe na daftari la ajali: tarehe, mahali, dawa iliyotumika na mashahidi. Taarifa ifikishwe kwa mkaguzi. Mkataba Na. 81 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1947, unamtaka mkaguzi afiche jina la aliyelalamika; nasi tulifiche vilevile.

Na sisi wenye mashamba tusingoje kukaguliwa. Tununue kwanza gambuti, glavu na barakoa, tuweke maji na sabuni karibu, ndipo tulete mananasi yetu altareni siku ya mavuno.