Kuta Zapata Fedha, Askari Je?

Husemwa mara nyingi kwamba serikali haina fedha za kuwatunza askari wa zamani. Maneno hayo nayapinga. Serikali iliyopata fedha za kujenga kambi yawezaje kukosa za kumtunza aliyelala ndani yake?

Tazameni yaliyotokea hapa kwetu. Askari wa King's African Rifles, ambao watu waliwaita Keya, walipigana Uhabeshi, kisha Bukini, na mwaka 1944 wakapenya misitu ya Burma. Vita vilipokwisha mwaka 1945 walipewa kiinua mgongo, nacho kilipimwa kwa rangi ya ngozi: Mzungu aliweza kupata mara tatu ya kile alichopewa Mwafrika wa cheo kile kile. Huo ni mgongo ulioinuliwa nusu!

Wala haikuwa kwamba hazina ni tupu. Mwaka 1947 Waingereza walianza kujenga bohari kubwa mno ya kijeshi huko Mackinnon Road, kando ya reli ya Mombasa, katika nyika ambayo hata maji yake ni ya shida. Mamilioni ya pauni yakazama pale, na haikupita miaka mingi kazi ikaachwa.

Mtu atanijibu kwamba majengo hayapotei bure. Ni kweli kwa kiasi. Kambi ya Templer huko Kahawa ilikabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1965, ikageuzwa chuo, nacho leo ni Chuo Kikuu cha Kenyatta. Yamkini mwalimu wenu mmoja alisomea humo. Nafurahi kwa hilo. Lakini jengo laweza kungoja miaka ishirini lipate kazi nyingine, na mzee aliyekatwa mguu hawezi kungoja. Kijana aliyekuwa na miaka ishirini kule Burma leo angekuwa amepita miaka mia. Wengi wamekwisha kuzikwa pamoja na madai yao.

Bunge letu lilitunga Sheria ya Wanajeshi Wastaafu mwaka 2022. Vema, ingawa ni kwa kuchelewa, na sheria isiyotengewa fedha ni karatasi tu. Basi nadai hivi: serikali ikiomba fedha za kambi mpya, wabunge wasikubali mpaka waonyeshwe, katika makadirio yale yale, fungu la matibabu na pensheni za watakaoishi humo. Saruji ya kambi huhesabiwa mfuko kwa mfuko. Na wahesabiwe watu wake vivyo hivyo, kabla jiwe la kwanza halijawekwa.