Lubumbashi: Wapiga picha wa Kasapa wasibadilishe rangi ya watu

Siku ya kutoa diploma kwenye kampasi ya Kasapa, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, jua la saa sita ni kali. Mhitimu amevaa toge nyeusi, nyuma yake anga inawaka. Wapiga picha wengi wanachagua kimoja: uso uonekane na anga ipotee, ama anga ibaki na uso uwe giza. Kisha wanaung'arisha uso kwenye kompyuta mpaka unakuwa rangi ya majivu.

Haifai, na njia nyingine iko. Picha ya JPEG ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi. Faili ya RAW ya biti 14 ina 16,384. Kutoka faili hiyo moja, mpiga picha anaweza kutoa nakala tatu: ya giza kwa ajili ya anga, ya kati, na ya mwanga kwa ajili ya uso. Halafu anaziunganisha. Kupiga mara tatu kunafaa kwa jengo, lakini mama anayepiga vigelegele hatulii.

Mipaka iko. Anga iliyoungua wakati wa kupiga hairudi, na giza likiinuliwa kupita kiasi linaleta chembechembe. Kwa hiyo apime kwanza mwanga wa anga.

Ni kweli, RAW inajaza kadi haraka. Lakini kadi nyingine inanunuliwa. Siku ya diploma hainunuliwi. Mzazi aliyelipa ana haki ya kumwona mtoto wake na rangi yake.