UCHAMBUZI: Utamu wa ramu waficha ukali, sheria yasalia nyuma

Rafu za maduka ya vileo nchini Kenya, ambazo zamani zilijaa chupa za pombe kali isiyo na rangi wala mapambo, siku hizi zimepambwa kwa picha za nazi, nanasi na vanila. Kenya Cane, kileo cha miwa kinachofahamika na wanywaji kwa miaka mingi, huuzwa pia kikiwa na ladha ya nazi au ya nanasi. Kando yake husimama ramu za viungo kutoka ng'ambo, zenye harufu ya mdalasini na karafuu.

Mabadiliko haya si ya urembo wa chupa pekee. Tangu jadi, ukali wa pombe umekuwa mlinzi wa mnywaji: koo huwaka, uso hukunjamana, naye hujua kwamba anachokunywa si maji ya matunda. Ukali huo unapofichwa kwa utamu, swali linalozuka ni nani atakayemwonya mnywaji, hasa kijana ambaye ndiyo kwanza anaonja kileo.

Ili kulielewa suala hili, yafaa kuanza na ramu yenyewe. Kinywaji hiki hutokana na miwa, mara nyingi kwa kutumia molasi, yaani ule uji mweusi unaosalia baada ya sukari kutolewa. Molasi huchanganywa na maji na hamira, huachwa ichachuke, kisha huchemshwa ili mvuke wa kileo ukusanywe na kupozwa. Kazi hii si ngeni nchini. Huko Muhoroni, katika ukanda wa miwa, molasi imekuwa ikigeuzwa spiriti kwa miongo kadhaa.

Ramu ya asili haikosi ladha. Nchini Jamaica, baadhi ya watengenezaji huacha molasi ichachuke kwa siku nyingi hadi kileo kinukie ndizi mbivu na nanasi, ilhali hakuna tunda lililotiwa humo. Ramu inayohifadhiwa katika mapipa ya mwaloni nayo hupata rangi ya dhahabu pamoja na harufu ya vanila kutoka kwa mbao zenyewe. Ladha hizo hudai muda na gharama.

Kwa upande mwingine, spiriti iliyosafishwa mno hupoteza karibu harufu yote ya muwa. Hapo ndipo ladha ya kuongezwa inapoingia: nazi, nanasi au vanila hutiwa kutoka nje, mara nyingi pamoja na sukari, ili kukipa kinywaji sura ambayo hakikuipata katika uchachushaji wala katika pipa.

Mataifa mengine yameweka mpaka kati ya aina hizo mbili. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 yaeleza kwamba kinywaji kitakachoitwa ramu sharti kiwe na kileo kisichopungua asilimia 37.5, kisitiwe ladha ya nje, na sukari ya kukilainisha isizidi gramu 20 kwa lita. Nchini Marekani, ramu yenye ladha inaruhusiwa kushuka hadi asilimia 30, mradi ladha iliyotawala itajwe pamoja na jina. Msingi wa kanuni hizo ni kwamba mnunuzi ana haki ya kujua anachonunua.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuilaani ladha yenyewe. Katika vinywaji vya kuchanganya, ramu yenye ladha ina nafasi yake iwapo mchanganyaji anaijua kazi yake. Kanuni kuu ni mizani kati ya ukali, utamu na uchachu. Daiquiri ya Cuba hutegemea vitu vitatu tu: ramu, maji ya ndimu na sukari. Anayetumia ramu ya nanasi katika mchanganyiko huo hulazimika kupunguza sukari, kwa kuwa sehemu yake tayari imo chupani.

Hali ni hiyo hiyo kwa piña colada ya Puerto Rico, ambayo huchanganya ramu, krimu ya nazi na maji ya nanasi. Ramu ya nazi ikiongezwa juu ya krimu iliyotiwa sukari, utamu hurundikana hadi ladha nyingine zote zinazama, na ndimu pekee ndiyo huweza kuuokoa mchanganyiko huo. Hata "dawa", kinywaji cha vodka, ndimu na asali kilichojipatia sifa katika mikahawa ya Nairobi, hupendeza kwa sababu uchachu wa ndimu hukabiliana na asali. Ramu ya vanila ikichukua nafasi ya vodka, asali haina budi kupunguzwa.

Tatizo huanza pale mizani hiyo inapoachwa kwa makusudi na utamu kutumiwa kama pazia. Hesabu yake ni rahisi. Toti moja ya mililita 30 ya ramu yenye asilimia 35 ina takriban mililita 10.5 za kileo halisi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina mililita 21. Kwa hivyo, toti mbili ni sawa na chupa nzima ya bia.

Mnywaji wa bia huweza kuchukua nusu saa au zaidi kuimaliza chupa yake. Glasi iliyojaa barafu, maji ya nanasi na toti tatu za ramu huweza kumalizwa kwa dakika chache, na pombe yake inazidi ya bia hiyo kwa nusu. Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Wanaochanganya kileo na vinywaji vya kuongeza nguvu hujiongezea hatari, kwani kafeini haipunguzi pombe mwilini. Huondoa tu ile hisia ya kulewa.

Suala la ushuru nalo limeingia katika mkondo huu. Hadi mwishoni mwa mwaka 2024, pombe kali nchini Kenya ilitozwa ushuru wa Sh356.42 kwa kila lita, pasi na kujali nguvu yake. Chupa ya mililita 750 ilitozwa takriban Sh267, iwe na asilimia 40 au 21. Sheria iliyoanza kutekelezwa Desemba 2024 iligeuza utaratibu huo kwa kutoza Sh10 kwa kila sentilita ya kileo halisi.

Chini ya hesabu hiyo mpya, chupa ya asilimia 40 hutozwa Sh300, ya asilimia 35 hutozwa Sh262.50, na ya asilimia 21 hutozwa Sh157.50. Kwa mtazamo wa afya, kutoza kileo badala ya maji ni hatua ya busara. Lakini hatua hiyo pia humpa mtengenezaji sababu ya kupunguza nguvu na kuongeza ladha. Kinywaji hafifu na kitamu huenda kikamdhuru kidogo mnywaji mzoefu, ilhali kikamfungulia mlango asiyewahi kunywa.

Uzito wa jambo hili waonekana katika utafiti wa kitaifa wa NACADA wa mwaka 2022, uliobaini kwamba Mkenya mmoja kati ya kila wanane wa umri wa miaka 15 hadi 65 hutumia pombe. Julai 2025, serikali ilizindua sera iliyopendekeza umri wa kuruhusiwa kunywa upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, na uuzaji wa pombe katika supamaketi na kupitia mtandao upigwe marufuku. Mapendekezo hayo yalizua ubishi mkubwa, na NACADA ikalazimika kufafanua kwamba sera si sheria.

Mjadala uliofuata ulitawaliwa na umri wa mnywaji na mahali pa kununulia. Kilichomo ndani ya glasi hakikuzungumziwa sana. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 huagiza maonyo ya kiafya kwenye chupa, lakini anayeagiza mchanganyiko katika baa aghalabu haioni chupa hiyo. Anachokiona ni orodha yenye majina ya matunda na bei.

Dawa ya tatizo hili si lazima iwe marufuku. Kuandika katika orodha idadi ya toti zilizomo katika kila glasi ni jambo lisilohitaji gharama kubwa. Halimnyimi mhudumu stadi ubunifu wake, wala mtu mzima starehe yake. Litakalofanya ni kumrejeshea mnywaji onyo ambalo zamani alilipata kooni, na ambalo utamu wa nazi na nanasi umemnyang'anya.