Sumu ya nyoka wetu ichunguzwe hapa kwetu



Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo linalotugusa sana sisi wakulima, ingawa mara nyingi huachiwa wataalamu peke yao. Jambo lenyewe ni uchunguzi wa sumu ya nyoka, nge na buibui, unaofanywa siku hizi kwa kusoma jeni, yaani chembe za urithi za viumbe hao.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kwa kuumwa na nyoka, na wengi zaidi ya hao hubaki na vilema. Mwaka 2017 Shirika hilo liliingiza madhara haya katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Wanaoumia zaidi ni wakulima, wafugaji na watoto wa vijijini. Hapa Mkula tunalima mpunga wa mfereji chini ya milima ya Udzungwa. Panya hufuata mpunga, na nyoka hufuata panya. Anayekwenda alfajiri kufungulia maji majarubani bila mabuti anajua anachokihatarisha.

Msimu mmoja jirani yangu aliumwa na kifutu wakati wa kuvuna. Tulimpakia kwenye pikipiki hadi kituo cha tiba, tukaambiwa dawa ya sumu ya nyoka hakuna. Alipona, lakini nyama ya mguu ilioza na mpaka leo anachechemea. Simlaumu mhudumu aliyekuwa zamu, maana hawezi kutoa asichokuwa nacho. Ninachouliza ni kwa nini dawa hiyo iwe adimu kiasi hicho.

Sababu moja ni namna inavyotengenezwa. Tangu siku za Albert Calmette wa Ufaransa, miaka ya 1890, farasi huchomwa sumu kidogo kidogo mpaka damu yake ijenge kinga, kisha kinga hiyo husafishwa ikawa dawa. Kazi hiyo ni ya gharama, na wanaoihitaji dawa ni watu maskini. Ndiyo maana kampuni ya Sanofi ya Ufaransa iliacha kutengeneza dawa yake ya Fav-Afrique mwaka 2014.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Dawa ya namna hii humfaa aliyeumwa na nyoka ambaye sumu yake inafanana na ile aliyochomwa farasi. Wenzetu wa Ghana wameyaona haya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, hospitali ya vijijini ilipobadilishiwa dawa ikapewa iliyotokana na sumu ya nyoka wa India, vifo vya walioumwa vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi asilimia 12.1. Chupa zilikuwepo, lakini zilikuwa za nyoka wa wengine.

Hapo ndipo jeni zinapoingia. Sumu ni mchanganyiko wa protini nyingi, na kila protini ina jeni inayoagiza itengenezwe. Mwaka 2020 wataalamu walichapisha orodha ya jeni za swila wa India, wakatenga jeni 19 za sumu zinazofanya kazi hasa katika tezi yake ya sumu. Hata buibui mdogo, ambaye sumu yake haitoshi kukamuliwa, anaweza kuchunguzwa kwa njia hii. Mtaalamu akishaijua sumu yenyewe, anaweza kutafuta kinga ya kuizuia moja kwa moja. Oktoba 2025 watafiti wa Denmark walitangaza mchanganyiko wa kinga 8 zilizotokana na wanyama wa Amerika Kusini waitwao alpaka na lama, uliowakinga panya wa maabara na sumu za nyoka 17 kati ya 18 wa Afrika wa jamii ya swila na koboko. Hiyo ni habari njema. Lakini waliopimwa ni panya, na kifutu aliyemlemaza jirani yangu si wa jamii hiyo.

Wapo watakaosema kuwa kazi ya jeni tuwaachie matajiri. Mimi sikubaliani nao. Marehemu C.J.P. Ionides, aliyefariki mwaka 1968, alikamata maelfu ya nyoka kusini mwa nchi hii, pande za Liwale na Newala, na wengi walipelekwa nje. Brazil nayo ina somo la kutufundisha. Dawa ya shinikizo la damu iitwayo kaptoprili, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981, ilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazil. Mwanasayansi wao, Sérgio Ferreira, ndiye aliyefungua njia, lakini dawa ilitengenezwa na kuuzwa na kampuni ya Marekani. Mwaka 2012 Wafaransa walipata katika sumu ya koboko kitu kinachotuliza maumivu ya panya kama mofini. Koboko huyo tunaye hapa, na tukikaa kimya tutabaki wauzaji wa mali ghafi.

Wala hatuanzii patupu. Ifakara imekuwa na maabara ya utafiti tangu miaka ya 1950, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Vyandarua vilivyotiwa dawa vilichunguzwa Kilombero na Ulanga miaka ya 1990, ikathibitika kuwa vinaokoa maisha ya watoto. Bonde lililoisaidia dunia juu ya mbu linaweza kuisaidia juu ya nyoka.

Kwa hiyo naomba wahusika wafanye mambo matatu. Kwanza, dawa zifikishwe vituoni kabla ya kupanda na kabla ya kuvuna, baada ya kupimwa kama zinafaa kwa nyoka wetu. Pili, sumu za nyoka wa bonde hili zikusanywe na jeni zao zisomwe na vijana wetu wenyewe. Tatu, mgeni yeyote anayetaka nyoka, nge au buibui wetu atie saini kwanza juu ya faida itakayopatikana.

Sisi wakulima tutaendelea kuingia majarubani, kwa sababu nchi inahitaji mchele. Tunachoomba ni kwamba anayeumwa akilima asipoteze mguu kwa kukosa dawa.

Mkulima wa Mpunga,
Mkula, Kilombero,
Morogoro.